Kishona nguo inasimamisha damu kweli?

Nimekupata msee, shosho alikuwa anafinyilia majani ya kishona nguo (blackjack, lile gugu mbegu zake hushika nguo) ukijikata na panga na damu inasimama, sasa unataka kujua kama ni dawa ama ni bahati. Shida ni kwamba kidonda kidogo husimama chenyewe dakika chache tu, na ile kufinya ndiyo hufanya kazi kubwa. Usijikate kujaribu, tafadhali. Peleka mmea mzima na maua yake kwa hebaria (mahali pa kuweka mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya wautambue, alafu uliza KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wako na kitengo cha dawa za kienyeji. Kwa labu damu huwekwa kwa chupa mbili, moja na majani, nyingine bila, wanahesabu muda wa kuganda. Damu ikiruka ama ikikataa kusimama ukiwa umekandamiza dakika 10, kimbia hosi, na uulizie sindano ya pepopunda, juu majani ya shamba yana udongo na viini vyake hukaa humo.