Kombe la Zürich ni lenyewe

Wengi huuliza kama lile Kombe la Dunia la mpira lililo kwenye makumbusho ya FIFA huko Zürich, Uswisi, ni lenyewe. Ni orijino ndugu yangu, si kopi. Timu ikishinda fainali inainua lile lenyewe lakini hairudi nalo nyumbani, inapewa la shaba lililopakwa dhahabu, na orijino inarudi FIFA, ndo maana utalipata pale kwa kioo kwenye makumbusho yao Zürich iliyofunguliwa 2016. Nilipita huko nikitembelea shemeji yangu na vile nimezoea kuliona kwa TV za Kondele, Kisumu, nilidhani ni kubwa, kumbe ni sentimita 36.8 tu, ila uzito ni kilo 6 na kitu. Kugusa sahau, hiyo ni ya mabingwa na marais.

Lakini usiende juu ya kombe pekee, ukiingia tu kuna jezi za wanachama wote 211 wa FIFA, tafuta ya Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, halafu huko juu kuna mahali unacheza mwenyewe, unapiga chenga, unapasi, unashuti (nilikosa vibaya sana mbele ya watoto wa Kizungu). Cheki kwanza kama kombe liko, saa zingine huwa limetoka kwa ziara, kama 2022 lilivyofika Nairobi.