Kwa unayeanza kutafiti mazungumzo ya tabianchi

Wanafunzi wengi wa uzamili huja na mada kama "Afrika na Mkataba wa Paris", yaani makubaliano ya kimataifa ya tabianchi ya 2015. Ni pana mno. Mwaka unaisha bado wanahangaika na utangulizi. Chukua hoja moja tu ya mazungumzo, uifuate tangu ilipoanza.

Mfano mzuri ni hasara na uharibifu, yaani madhara ya mabadiliko ya tabianchi yanayozikumba nchi, na nani ayagharimie. Mwaka 1991 Vanuatu, kwa niaba ya nchi za visiwa vidogo, ilipendekeza uundwe mfuko wa bima wa kuzilipa nchi zinazomezwa na bahari, ugharimiwe na nchi za viwanda. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi wa 1992 ukapita bila mfuko huo. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikuja kukubaliwa Sharm el-Sheikh, Misri, mwaka 2022, miaka 31 baada ya pendekezo hilo. Nani aliuzuia, kwa hoja zipi, na ni nini kilibadilika? Hapo tayari una swali la utafiti.

Kulijibu kunahitaji rasimu, si maandishi ya mwisho peke yake. Maneno ambayo hayajakubaliwa huwekwa kwenye mabano ya mraba, na nyuma ya kila mabano kuna nchi zinazovutana. Yakiondolewa usiku wa mwisho, tafuta nani kaachia na kapewa nini. Soma pia uamuzi unaoambatana na mkataba. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Paris inatambua hasara na uharibifu. Ukiishia hapo utaandika kwamba nchi maskini zilishinda. Lakini aya ya 51 ya uamuzi wa Paris inasema ibara hiyo haiwi msingi wa dhima wala fidia. Marekani iliing'ang'ania aya hiyo, na utetezi wako wa tasnifu unaweza kuponea hapo.

Mahojiano usitegemee kuyafanya kwenye COP yenyewe, mkutano wa kila mwaka wa nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi. Vikao huendeshwa kwa wakati mmoja, na mjumbe wa nchi yenye ujumbe mdogo anakimbia chumba hadi chumba. Mtafute Bonn, Ujerumani, mwezi Juni, kwenye vikao vya kati ya COP moja na nyingine, au ofisini kwake. Kwa walio Tanzania hii ni fursa hasa, maana mwaka 2025 nchi ilipokea uenyekiti wa Kundi la Wajumbe wa Afrika, linalozisemea nchi za Afrika kwenye mazungumzo haya.

Kwenye fedha, chunga sana. Ahadi ya nchi tajiri kwa nchi zinazoendelea, iliyotolewa Copenhagen 2009, ya dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020, OECD, shirika la kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, inahesabu kuwa ilitimia mwaka 2022. Ndani ya hesabu hiyo mikopo ni mingi kuliko ruzuku. Zitenganishe mapema, kwani nchi iliyokopeshwa ili ijenge ukuta wa kuzuia bahari italipa deni hilo yenyewe.