Kisomaji cha kadi RC522 hakisomi kitu

Ndugu wa Goma, unasema RC522 yako inawaka taa, ila Arduino Uno, ile bodi ndogo inayoiendesha, haioni kadi za wafanyakazi za kufungulia mlango. Anza na umeme: ni 3.3V, kamwe si 5V, utaiunguza. Pini ya RC522 iliyoandikwa SDA iende pini 10 ya Arduino, MOSI 11, MISO 12, SCK 13, RST 9. Endesha DumpInfo, programu ya mfano iliyomo kwenye maktaba ya MFRC522 (msimbo ulio tayari wa kuendesha RC522). Ikitoa namba ya toleo (Firmware Version) 0x91 au 0x92, mawasiliano ni mazima. Ikitoa 0x00 au 0xFF, tazama zile pini nane za RC522: zimechomekwa tu kwenye matundu? Zilehemu kwa risasi, moja moja. Hapo ndipo wengi hukwama. Kadi bado hazisomwi? Pengine ni za masafa ya redio ya 125 kHz, na RC522 husoma 13.56 MHz tu. Kadi zikishasomwa, kufuli la mlango lipitishie kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa na Arduino.