Mwanangu aliposoma "pole"

Kitabu kilikuwa na picha ya mlingoti wa bendera, na chini yake neno la Kiingereza "pole". Mwanangu, wakati huo ana miaka 6, akalisoma kwa Kiswahili, kisha akauliza, "Mama, nani kaumia?" Mimi nilicheka. Mwalimu wake hakucheka. Niliitwa shuleni nikaambiwa nyumbani tuache Kiswahili, na Kisukuma cha bibi yake ndiyo kabisa, eti vinamchanganya mtoto.

Nilitii muhula mzima, na najuta. Kiingereza changu ni cha kuombea kazi. Hakitoshi kumsimulia mtoto hadithi, sembuse kumbembeleza akiwa na homa. Nyumba ilipoa. Mama mkwe, aliyetoka Shinyanga kuja kutusaidia kulea, akawa anakaa na mjukuu wake kama abiria wawili wa daladala.

Tuliporudia lugha zetu nilianza na kusoma Kiswahili, kwa sababu husomwa kilivyoandikwa. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake. Mtoto akishashika ba be bi bo bu na wenzake, anafungua hata neno ambalo hajawahi kuliona. Mtoto wa namna hiyo akikutana na "mate" na "same" za Kiingereza atasoma mate ya mdomoni na Same ya Kilimanjaro. Hajachanganyikiwa: ameshajua kwamba herufi hubeba sauti. Wangu nilimwambia tu kwamba kwa Kiingereza hiyo e ya mwisho mara nyingi imelala. Akaanza kuzitafuta e zilizolala kila ukurasa.

Vitabu vya hadithi ni ghali, basi tukasoma kanga. HASIDI HANA SABABU: ha-si-di, ha-na, sa-ba-bu, kofi moja kila silabi. Kwa makofi hayohayo akagundua mwenyewe kwamba "mtoto" ina makofi matatu, m-to-to, jambo ambalo mimi sikuwahi kuliwaza. (Alipouliza hasidi ni nani, bibi yake alitazama upande wa jirani. Sikuingilia.) Kasoro ni kwamba maandishi ya kanga huwa ya herufi kubwa, na alipofika kwenye herufi ndogo alikwama, hasa b na d. Ukianza na kanga, mwandikie jina lake kwa herufi ndogo pia, aone zote mbili.

Kisukuma nimemwachia bibi. Asubuhi salamu ya "mwangaluka", jioni vitendawili. Sikumwomba afundishe, nilimwomba asihamie Kiswahili hata mjukuu akimjibu kwa Kiswahili. Mtoto akichanganya lugha tatu katika sentensi moja simkatizi. Namwitikia kwa kurudia alichosema, safari hii kwa lugha moja, mazungumzo yanaendelea.

Kilichonitoa jasho ni r na l. Aliandika "lafiki", akaandika "kalatasi", na nilipomsahihisha sana akageuza kila kitu kuwa r. Nikaacha kusahihisha, nikamtafutia jozi za kuchekesha: kula na kura, mahali na mahari. Kutafuta mahali na kutafuta mahari, akaona mwenyewe herufi moja inavyoweza kumgharimu mtu ng'ombe.

Juzi nilinunua kanga mpya. Alimsomea bibi yake neno kwa neno, bibi akaigeuza kwa Kisukuma, yeye akakataa kwamba sivyo ilivyoandikwa. Niliwaacha wanabishana, nikaenda kuepua ugali.