Nyumba ya Mkomani, bei ya Shela: je, hesabu hii ni halali?

SWALI: Assalaam aleikum, mzee wangu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, kwa sasa kazi iko Mombasa. Mimi na mke wangu tumepata nyumba ya mawe Mkomani, mtaa wa kale wa mji wa Lamu, orofa mbili, ndani ya mtaa, haikutazama bahari. Dalali ametutajia bei na kusema ndiyo bei ya soko, kwa kuwa nyumba ya ukubwa huo huo Shela, kijiji cha ufuoni, iliuzwa kwa zaidi ya hapo. Nikataka kuilinganisha na nyumba zilizouzwa karibuni mle mle Mkomani, sikupata hata moja. Je, soko limekufa? Tena ananionyesha sensa: kaunti ilikuwa na watu 101,539 mwaka 2009, ikafika 143,920 mwaka 2019. Anasema watu wakiongezeka hivyo, bei haiwezi kushuka. Nizisome vipi tarakimu hizi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya kutoa arubuni, yaani malipo ya kutanguliza.

Soko halijafa. Mkomani ni mtaa wa watu wanaokaa katika nyumba zao wenyewe, na katika mtaa wa namna hiyo nyumba haitoki kwa sababu bei imepanda. Hutoka kwa sababu ndani ya familia kumetokea jambo: mauti, ndoa, talaka, mtoto kahamia Jeddah na harudi, warithi wameshindwa kukaa pamoja. Bei ikipanda, mwenye nyumba hapati chochote mpaka ahame, na akihama, aende wapi? Ndiyo maana hukupata nyumba ya kulinganisha, na ndiyo maana dalali amekuvusha mpaka Shela.

Kuna jambo jingine linaloficha bei. Zinazouzwa, nyingi huuzwa ndani kwa ndani. Kaka anamnunulia dada fungu lake, jirani wa ukuta mmoja anaambiwa kwanza kabla ya mtu wa nje. Kwetu haki hiyo ya mshirika kutangulizwa tunaiita shufaa, na watu wanaiheshimu hata pale ambapo hakuna aliyeandika barua. Bei ya namna hiyo ina undugu ndani yake. Hata ukiipata, usiiweke kwenye hesabu kama bei ya soko, kwa maana muuzaji alipunguza ili nyumba isitoke kwenye ukoo. Mimi huuliza kila mara: aliyenunua na aliyeuza walikuwa nani kwa nani? Nikisikia ni binamu, naiweka kando.

Kwa hiyo kabla ya bei, uliza nyumba ni ya nani. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapopotezea pesa zao.

Chukua nyumba moja uigawe mafungu 96, kwa wepesi wa hesabu. Baba amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni, moja ya nane, yaani mafungu 12. Yanabaki 84: kila mwana wa kiume 24, kila binti 12. Hawakugawana, kwa sababu mama yu hai na nyumba ni moja. Baada ya miaka kadhaa mwana mmoja wa kiume anatangulia mbele ya haki kabla ya mama yake, anaacha mjane na mtoto mmoja wa kiume. Katika yale 24 yake, mama anapata sudusi, moja ya sita, yaani 4, mjane anapata thumni, yaani 3, na mtoto anabaki na 17. Sasa nyumba ile ile ina wenyewe saba. Mama ana 16, mwana aliyebaki 24, mabinti watatu 12 kila mmoja, mjane 3, mjukuu 17. Na huyo anayekuja kukufungulia mlango, mwenye ufunguo mkononi na maneno matamu, huenda ni yule mwenye 24. Ni robo ya nyumba. Akikuuzia, amekuuzia robo.

Mjukuu naye, ikiwa ana miaka 9, sahihi yake haitolewi na ami yake. Fungu la mtoto halitoki bila idhini ya mahakama. Mirathi ya Waislamu waliokubaliana kwenda kwa kadhi inasikizwa na Mahakama ya Kadhi, kwa mamlaka ya ibara ya 170 ya Katiba ya 2010. Mwambie dalali akuletee hukumu ya mirathi yenye majina yote na mafungu yote, kisha ulinganishe na sachi ya ardhi, ile karatasi ya ofisi ya ardhi inayoonyesha hati iko kwa jina la nani. Mara nyingi utakuta hati bado imesimama kwa jina la babu. Hilo si kosa la mtu, lakini ni miezi mingi ya kazi, na thamani ya nyumba isiyoweza kuhamishwa leo si sawa na ya nyumba ambayo karatasi zake ziko tayari. Mimi tofauti hiyo naipunguza katika bei, sioni haya.

Kuna mtego mmoja wa Lamu ambao mtu wa bara hatauona, na nyinyi vijana mliotoka mapema huenda mmeusahau. Desturi yetu ni binti kupewa pa kukaa akiolewa, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Baba mwenye uwezo alijenga orofa ya juu kwa ajili ya binti, akampa kwa hiba, yaani zawadi ya mtu akiwa hai, mashahidi wakakaa barazani wakashuhudia. Basi orofa ile si mirathi tena, ni mali ya binti tangu baba yu hai. Lakini ukifungua hati, unaona kiwanja kimoja, jina moja. Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020 inawezesha kila orofa kuwa na hati yake, ila nyumba nyingi za kale hazijapitishwa huko. Niliwahi kupima nyumba ambayo warithi wote walikuwa wamekubaliana, karatasi zote safi. Nikapanda juu na utepe wangu, nikamkuta bi mkubwa amekaa kitandani chini ya zidaka zake, vile vishubaka vya ukutani, vikombe vimepangwa ndani safu kwa safu. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, chini pima. Huku hapauzwi, huku nilipewa." Nikakunja utepe. Katika hati hakukuwa na neno hata moja juu yake, na alikuwa amesema kweli: jirani watatu walilikumbuka lile jambo. Kwa hiyo wewe panda juu, uliza nani analala huko na alipewa na nani. Na kama kuna wikio, yaani chumba kilichopita kama daraja juu ya uchochoro, uliza ni la upande gani. Uliza pia kama nyumba au sehemu yake ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, hata warithi wote wakiweka sahihi.

Sasa Shela. Shela na Mkomani ni kisiwa kimoja, lakini ni masoko mawili. Anayenunua Shela mara nyingi ananunua nyumba ya likizo, kwa pesa zilizochumwa kwingine, na analipia ufuo na mandhari ya bahari. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele: ibara ya 65 ya Katiba inampa ukodishaji usiozidi miaka 99. Yaani ile bei uliyotajiwa huenda ni ya haki tofauti kabisa na unayonunua wewe, kwa mnunuzi tofauti, kwa matumizi tofauti. Kuitumia kama kipimo cha nyumba ya ndani ya mtaa ni kupima nazi kwa kibaba cha tende.

Basi bei utaipataje? Mimi huanza na vipimo vya ndani, si vya nje. Kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nene, nusu mita ni jambo la kawaida. Tuseme nyumba yako kwa nje ni mita 12 kwa 10, dalali ataandika mita za mraba 120. Ondoa kuta za nje, unabaki na 11 kwa 9, ambazo ni 99. Ondoa kuta mbili za kati zinazotenga msana (ukumbi unaoelekea ua), ndani (chumba kilicho nyuma yake) na vyumba, kila moja nusu mita, unabaki na 11 kwa 8: mita za mraba 88. Zaidi ya robo imekwenda kwenye mawe, kabla hujatoa ngazi na kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba. Na hizo mita 8 ukizigawa kwa safu tatu za vyumba, kila safu ina mita 2 na kitu kama sentimita 67 za upana. Usitarajie kuzipanua. Upana wa chumba cha Lamu uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, na ukuta wa kati ndio unaoibeba.

Kisha ukarabati, na hapa nenda na fundi wa chokaa, siyo fundi yeyote. Mwambie achomeke ncha ya kisu kwenye kichwa cha boriti, pale inapoingia ukutani, hasa chini ya sehemu ambapo dari ina doa. Katikati boriti inaweza kuwa nzima kabisa, na kichwani imekuwa unga. Gonga plasta: kama zamani ilipigwa simiti juu ya mawe ya matumbawe, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inasukuma, na plasta inatoka vipande vipande kama ganda la mkate. Kuibandua yote na kurudisha chokaa ni gharama ya kweli. Mikoko nayo haipatikani kila siku unapoitaka. Marufuku ya ukataji miti ya Februari 2018 iliwagusa wakataji wa Lamu pia, na mafundi waliokuwa katikati ya kazi wanaikumbuka. Kila mfuko na kila jiwe litaingia mtaani kwa mgongo wa punda, basi ongeza ujira huo. Na mji wetu ni urithi wa dunia tangu 2001, huwezi kubadilisha sura ya nje ya nyumba bila ruhusa. Ukiwa na ndoto ya kuweka dirisha kubwa la kioo, itoe kwenye hesabu.

Njia ya kodi, ya kuuliza nyumba ingeingiza kiasi gani kwa mwaka, itumie kama shahidi tu. Mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Lamu kwa miaka 2 anatafuta vyumba viwili vyenye maji, hatafuti orofa mbili za mawe za kutunza.

Tarakimu za sensa ni za kweli, ila hazizungumzii mtaa wako. Kaunti iliongezeka kwa karibu asilimia 42 katika miaka 10, wakati Kenya nzima iliongezeka kwa karibu 23. Lakini sehemu kubwa ya kaunti iko bara: Mpeketoni kando ya Ziwa Kenyatta, ambako watu walianza kupewa mashamba miaka ya 1970, Hindi, Witu, na sasa Kililana kwenye bandari iliyofunguliwa gati lake la kwanza Mei 2021. Hata ukishuka kwenye eneo bunge la Lamu Magharibi, bado umeweka Mkomani na Mpeketoni kapu moja. Tafuta Juzuu la Pili la sensa ya 2019, hilo linashuka hadi lokesheni ndogo. Juzuu la Nne nalo lina jedwali la umiliki wa makao, na limetenganisha nyumba zilizonunuliwa, zilizojengwa na zilizorithiwa. Kitaifa, kaya kama 61 katika kila 100 zinakaa katika nyumba zao; Nairobi hazifiki 10. Ile safu ya zilizorithiwa ndiyo inayowahusu watu kama sisi, na dalali hajawahi kuifungua.

Tena, idadi ya watu siyo idadi ya wanunuzi. Mkomani hakuna kiwanja kitupu cha kujengwa, kwa hiyo unachohitaji kujua ni nani yumo ndani ya nyumba zilizopo. Hesabu hiyo utaifanya kwa miguu. Nenda baada ya isha, chagua nyumba 20 kwenye uchochoro mmoja. Ngapi zina taa? Ngapi zina kufuli lililoshika kutu? Ngapi ndani mna watoto, na ngapi mna mama mmoja mzee na msichana wa kumsaidia, watoto wote wako Mombasa? Hizo za mwisho ndizo zitakazoingia kwenye mirathi katika miaka 10 au 15 ijayo. Zikiwa nyingi, nyumba zitakazotoka zitakuwa nyingi kuliko leo, kila moja na warithi wengi wanaotaka fedha badala ya mawe. Nakuambia hili kwa uchungu, maana ni mtaa nilioupenda tangu utoto. Lakini kwa mnunuzi, hiyo ni sababu ya kutokimbizwa na maneno ya "bei haitashuka".

Mkitaka kuinunua ili mkae, nawaunga mkono kwa moyo wote. Nyumba ya Mkomani yenye watoto ndani huwa inatunzwa, na iliyofungwa huliwa na chumvi. Lakini msitoe arubuni bado. Leta hukumu ya mirathi, sachi ya mwezi huu, vipimo vya ndani vya kila chumba na makadirio ya fundi wa chokaa, na jina la anayelala orofa ya juu. Tukikaa na hayo mezani, bei tutaipata siku hiyo hiyo.