Kabla hujaweka taa za LED ndani ya gari, tuongee kwanza habari ya fyuzi

Wadau habari zenu. Siku hizi kila gari nikipanda usiku nakuta zile taa za LED za ndani, miguuni, chini ya siti, wengine mpaka kwenye dashibodi, na mimi ninazo kwenye Toyota IST yangu na nazipenda sana. Ila kuna kitu kimoja kilinikuta na naona bado watu wanafungiwa taa vilevile nilivyofungiwa mimi, kwa hiyo leo niandike yote.

Mara ya kwanza nilipeleka kwa fundi wa mtaani. Kazi haikufika saa nzima, taa zikawaka bluu, nikalipa nikaondoka nimefurahi kweli. Wiki tatu baadaye natoka Kimara usiku na dada yangu, kakaa mbele, akavuta siti nyuma anyooshe miguu, basi haikupita hata dakika harufu ya plastiki inayoungua ikajaa ndani. Mwanzo nikajua ni ya lori lililokuwa mbele yetu. Dada ndo akasema kaka angalia huku, moshi mwembamba unatoka kati ya siti na mlango. Nikaweka gari pembeni, nikamwambia ashuke, nikafungua boneti nikalegeza terminali ya hasi ya betri kwa spana namba 10 ambayo huwa nakaa nayo mlangoni, mikono inatetemeka. Moshi ukakata.

Kesho yake nikafungua siti mwenyewe. Waya wa taa ulikuwa umepitishwa juu ya reli ya siti, na ile reli pembeni ina makali, siti ikienda mbele ikirudi nyuma inausaga. Ganda lilikuwa limeisha, shaba iko wazi, imegusa reli, na reli ni chuma kilichofungwa kwenye bodi kwa hiyo hapo ni ethi kabisa, yaani upande wa hasi ya betri. Waya wenyewe mwembamba kama wa spika za redio. Nikaufuata mpaka mbele, unaingia kwenye pozitivu ya betri moja kwa moja, hauna fyuzi hata moja njiani. Kwenye kapeti ulikuwa umeacha mstari mweusi wa kuungua, sponji ya chini imeyeyuka imekuwa ngumu kama kaa la mkaa.

Watu wengi wanasema LED zinakula umeme kidogo kwa hiyo haziwezi kuleta shida. Kweli zinakula kidogo. Stripu, yaani ule utepe wa taa, ya kawaida ya LED za saizi ya 5050 yenye taa 60 kwa mita inakula kama wati 14 kwa mita, yaani ampea moja na kidogo kwa volti 12. Miguuni mbele na nyuma ukikata vipande vinne vya sentimita 30 hufiki hata ampea 2. Lakini waya ukipiga shoti betri haijui kama mwisho wa huo waya kuna taa ndogo, inamwaga ampea mamia kwa mpigo, na waya mwembamba hapo unageuka kuwa koili ya jiko. Kazi ya fyuzi ni kulinda waya, na ndo maana inatakiwa ikae kule umeme unakoanzia, karibu kabisa na chanzo, maana ukiiweka huku mwishoni karibu na taa ule waya wote wa katikati hauna ulinzi.

Mimi sasa hivi sitoi umeme kwenye betri kabisa. Nachukua kwenye boksi la fyuzi la ndani, lile la chini ya dashibodi, kwa ile adapta ya fyuzi inayochomekwa mahali pa fyuzi halafu inashika fyuzi mbili, ya zamani inabaki na kazi yake na ya pili ndo ya kwako. Toyota nyingi kuna fyuzi imeandikwa CIG au P/OUT, ya tundu la kuchajia simu, hiyo inawaka funguo ikiwa ACC, ile hatua ya kabla ya kuwasha injini, na inazima ukitoa funguo, kwa hiyo huamki asubuhi ukakuta betri imekufa. Ya kwako weka ampea 3, ile ya zambarau, au 5 ya kahawia mpauko, basi. Fyuzi ikikata tafuta ilipo shoti, na fundi akikwambia tuweke ya 15 haitakata tena, mwambie hapana, chukua funguo yako uondoke. Na usiguse fyuzi za SRS (ebegi), ECU (kompyuta ya gari) wala za breki. Vilevile chini ya siti na kwenye usukani ukiona waya zenye soketi au ganda la njano achana nazo kabisa, hizo ni za ebegi na mikanda, usizipime hata kwa tesa, na kabla ya kufungua siti toa terminali ya betri usubiri dakika kadhaa.

Ethi nayo watu wanaidharau. Tafuta bolti iliyoingia kwenye chuma cha bodi, kwangua rangi mpaka uone chuma kinang'aa, weka terminali ya duara, kaza. Bolti za mikanda ziache. Taa zako zikiwa zinacheza cheza gari likipita kwenye matuta, tisa kwa kumi ni ethi imelegea, kabla hujalaumu stripu.

Kama unataka ziwake mlango ukifunguliwa inabidi ujue kitu kimoja kuhusu Toyota zetu hizi: swichi ya mlango kwenye nyingi inakata na kuunga upande wa ethi, pozitivu ya taa ya ruf ipo muda wote. Fundi asiyejua hilo anahangaika mchana kutwa. Pozitivu unachukua ile ya taa ya ruf ya muda wote, na hasi ya stripu unaipeleka kwenye waya wa swichi ya mlango. Pima kwanza na mita, mlango ukifunguliwa ule waya unatakiwa usome ethi. Fyuzi yako ndogo bado inahitajika.

Kuhusu viungo, tepu nyeusi peke yake kwa joto la Dar haidumu, gari likikaa juani Kariakoo kutwa ile gundi inakuwa kama asali na tepu inateleza yenyewe. Chomelea kwa risasi halafu vika ule mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Gundi ya nyuma ya stripu nayo hivyo hivyo, futa plastiki kwa spiriti ya duka la dawa kwanza, halafu ongeza vile vikamba vya plastiki vya kubania, maana stripu ikidondoka upande wa dereva inakwenda kulala kwenye pedeli za breki na hilo silitamani kwa mtu yeyote.

Rangi chagua unayopenda, ila mi bluu niliitoa. Usiku barabara ya Bagamoyo ilikuwa inarudi kwenye kioo cha mbele, macho yanachoka, mtu anayevuka namwona kwa kuchelewa. Nikaweka ya chungwa, nikaipunguza mwanga na dima, nikaificha juu kabisa chini ya dashibodi ili nione mwanga tu na taa yenyewe nisiione. Zile kontrola za bei rahisi za rangi nyingi nazo ziangalie, yangu ya kwanza ukiipunguza mwanga tu redio ya FM inaanza kukoroma, nikaisogeza mbali na waya wa antena ikapungua.

Ukimaliza usirudishe kapeti haraka. Waya wa chini ya siti upitishe chini ya kapeti, uvike mpira wa mikunjo, mbali na reli zote mbili. Halafu washa taa, kaa nyuma, mwambie mtu asukume siti mpaka mwisho mbele, mpaka mwisho nyuma, aegemee, arudie hata mara ishirini, na wewe umeinama na tochi unaangalia ule waya unavyokaa. Mi dada yangu ndo nilimpa hiyo kazi, na hakupumzika mpaka alipojiridhisha mwenyewe.