Taa Iliyojiwasha Yenyewe: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mdogo wako alinisomea ujumbe wako mara mbili, kisha nikamwomba simu niusome mwenyewe. Umekwenda kisiwa cha Chumbe na wanafunzi wako, mkapanda mnara wa taa, mkaambiwa ulijengwa mwaka 1904, na mwaka 1926 ukatiwa taa ya gesi inayojiwasha jua likitua na kujizima likichomoza. Ndipo ukaniuliza: "Baba, kama na taa ya kisiwani kwako ilikuwa hivyo, wewe ulikuwa ukifanya nini kule mwezi mzima, ukatuacha na mama?"

Una haki ya kuuliza. Nimechelewa kukujibu kwa kuwa nilitaka nikujibu sawasawa.

Ni kweli, ya kwetu ilikuwa namna ile ile. Vali yake, yaani kile kinachofungua na kufunga njia ya gesi, aliibuni Mswidi mmoja, Gustaf Dalén. Ndani ya tungi la kioo mna fimbo nne za chuma, tatu zinang'aa na moja nyeusi tii. Mchana ile nyeusi hunywa mwanga, ikapata joto, ikarefuka kidogo mno, na kurefuka huko ndiko kunakoziba njia ya gesi. Magharibi ikipoa hurudi, gesi ikapita, na kijimoto kidogo kisichozimwa usiku na mchana kikaidaka. Masika, wingu zito likitanda adhuhuri, taa yetu iliwaka mchana. Nilipenda sana kuiona. Huyo Dalén alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, na mwaka huo huo gesi ile ile ikamlipukia, akapofuka. Nilikuwa nikimkumbuka kila tulipopokea mitungi ya gesi. Chombo hakikuweza kuvuka mwamba ila bamvua, maji yakijaa sana, nasi tukaipandisha mitungi ufukweni kwa mti, wawili wawili, kabla maji hayajakimbia.

Lakini vali haifuti kioo. Kazi yangu kubwa, mwanangu, ilikuwa chumvi. Kusi likivuma, kioo cha nje kilikuwa kikiganda ukungu mweupe usiku mmoja tu. Maji ya bahari hayakisafishi, yanakizidishia. Nilikiosha kwa maji ya mvua, yale yale tuliyoyakinga paani na kuyaweka birikani, na hapakuwa na mengine ya kunywa. Kila kopo nililomwagia kioo nilijua nimelitoa kinywani mwangu. Kisha ile lenzi ya ndani, vipande vyake vyote vya pembe pembe, kimoja kimoja kwa kitambaa laini, halafu naifunika shuka, maana jua likiipitia linachoma.

Usiku nilihesabu. Kila mnara una mpepeso wake, umeandikwa kwenye ramani za mabaharia. Nahodha akiona mwanga anahesabu ni nukta ngapi giza, ngapi nuru, ndipo ajue yuko mbele ya kisiwa gani. Mnara ukizimika kabisa, ataingia kwa hadhari. Ukipepesa kwa hesabu isiyo yake, atauamini, na atakwenda kwenye mwamba akiwa na imani. Kwa hiyo kila baada ya saa mbili nilitoka barazani na saa yangu, nikahesabu, nikaandika kwenye daftari. Mwaka mmoja nyigu alijenga tope lake kwenye tundu la hewa, na kile kijimoto kikafa. Nilikaa juu mpaka alfajiri na karabai mkononi, upande wa mkondo, huku mwenzangu akichokoa tope kwa waya. Majahazi mawili yalipita usiku ule. Sikuwajua waliomo, wala wao hawakunijua.

Sasa hilo la kuwaacha. Ulipougua surua ulikuwa na miaka mitatu. Kusi lilichafuka, na siku tisa hakuna chombo kilichosogea. Nilizipata habari siku ya kumi, kwa mvuvi, nawe umeshapoa. Mama yako alibeba yote peke yake. Sina udhuru wa kukupa hapo, na sijawahi kuacha kulifikiria.

Nilipofika nyumbani aliniambia jambo ambalo halikuwa limenipitia akilini: kuiona taa kila usiku hakukumtuliza hata kidogo, kwa sababu alijua inajiwasha yenyewe. Ningeweza kuwa nimekufa siku nne, nayo inawaka vile vile.

Tangu hapo tukapatana. Nikimaliza sala ya isha nilipanda na karabai, nikaisimamisha ukingoni upande wa kwetu, nikaifunika kwa kikoi na kuifunua mara tatu. Yeye alishuka pwani akawasha makuti. Moto mmoja, watoto wazima. Miwili, nitafute chombo kwa njia yoyote. Niliuona moto wa pili mara moja tu katika miaka yote, usiku aliofariki bibi yako, na alfajiri nilikuwa kwenye ngalawa.

Usiku mwingine wote nilisimama pale juu nikisubiri, wakati mwingine muda mrefu, makuti yakiwa mabichi. Mama yako anasema wewe ndiye uliyekuwa ukimshikia kiberiti.

Baba yako